Je, lodi mwenye kashfa angeweza kumwoa binti wa heshima?

Dada mmoja, msomaji wetu, ameniandikia. Anatunga riwaya ya mapenzi kwa Kiswahili, na mandhari yake ni Uingereza ya enzi ya Regency. Mhusika wake mkuu ni lodi aliyewahi kutoroka na mke wa mtu, jina likamchafuka London nzima. Miaka minne baadaye anampenda binti wa miaka 19 kutoka familia isiyo na doa, na binti naye kampenda. Ameambatanisha sura ya kwanza, kisha anauliza: "Kwa hali ilivyokuwa wakati ule, wangeweza kweli kuoana na watu wakawapokea? Au nitakuwa nawadanganya wasomaji wangu?"

Dada yangu, huwadanganyi. Wangeweza kuoana, na huyo lodi angepokewa mapema kuliko unavyodhani. Asiyepokewa ni yule mke wa mtu aliyetoroka naye. Nimesoma sura yako mara mbili, na mwanamke huyo hana jina. Anaitwa "yule mwanamke" basi, kisha anapotea. Kwa hiyo kabla sijakujibu kuhusu binti wako wa miaka 19, nivumilie nikusimulie habari za mwanamke mwingine aliyekuwa na jina, maana kisa chake ni karibu sawa na hicho ulichokibuni.

Regency yenyewe ilianza tarehe 5 Februari 1811, Mfalme George III alipokuwa ameugua akili na mwanawe, Mwanamfalme wa Wales, akapewa kutawala kwa niaba yake. Iliisha Januari 1820 mfalme alipofariki. Kisa changu kilitokea miaka miwili kabla ya kuanza, lakini watu ni walewale, nyumba ni zilezile na sheria ni ileile.

Machi 1809, Lady Charlotte Wellesley aliondoka nyumbani kwa mumewe hapa London na kwenda kwa Lord Paget. Mumewe alikuwa Henry Wellesley, mdogo wake Arthur Wellesley, jenerali ambaye baadaye dunia ilimjua kama Duke wa Wellington. Charlotte alikuwa na watoto wanne. Paget, mwenye miaka 40, alikuwa mrithi wa cheo cha baba yake, Earl wa Uxbridge, na kamanda bora wa wapanda farasi katika jeshi la Uingereza. Majira yale ya baridi ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka Hispania, alikowashinda wapanda farasi wa Kifaransa huko Sahagún. Naye alikuwa na mke, Lady Caroline, na watoto wanane. Inasimuliwa kwamba yote yalianza pale daktari alipomshauri Charlotte apande farasi kwa ajili ya afya yake. Mumewe alikuwa mtu wa serikali, hana nafasi, hivyo Paget ndiye akawa anamsindikiza.

Tazama jinsi alivyoondoka, maana mambo kama haya ndiyo riwaya inayoyataka. Alitoka kwa miguu kama anayekwenda kutembea tu, mtumishi wake nyuma, maana mwanamke wa daraja lake hatembei peke yake mjini. Wakafika bustani ya Green Park. Akamwambia mtumishi abaki. Akasogea mbele, akapanda gari la kukodi la farasi, na maisha yake ya kwanza yakaishia pale. Hakuchukua sanduku. Mimi kila nikifika hapo humfikiria yule mtumishi, amesimama na baridi ya Machi, anamngoja bibi yake asiyerudi, na anajua kwamba ataulizwa yeye.

Na watumishi waliulizwa kweli. Sheria ya Uingereza ilimruhusu mume kumshtaki mwanamume aliyezini na mkewe na kudai fidia. Wasomaji wa Tanzania jambo hili hawatalishangaa, kwa sababu Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 nayo inaruhusu madai ya fidia ya ugoni. Tofauti ni kwamba kwetu mke pia anaweza kudai. Uingereza ya Charlotte, mume peke yake ndiye aliyeweza, kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyeharibiwa kitu chake. Mke hakuwa hata upande mmojawapo wa kesi. Hakuitwa kujieleza wala hakuwa na wakili, huku vijakazi na madereva wakieleza mahakamani nani aliingia chumba gani na mlango ulifungwa kwa muda gani. Magazeti na vijitabu viliyachapa yote hayo, na watu walivinunua kwa wingi.

Henry Wellesley alipewa fidia ya pauni 20,000. Ili uone ukubwa wake, mjakazi wa nyumbani wakati ule alilipwa pauni chache tu kwa mwaka mzima.

Kisha ikaja zamu ya kaka. Henry Cadogan, kaka yake Charlotte, alimwita Paget kwenye pambano la bastola, na tarehe 30 Mei 1809 wakakutana asubuhi katika uwanja wa Wimbledon Common. Cadogan alifyatua akakosa. Paget hakumlenga; alisema familia ile ameshaiumiza vya kutosha, hawezi kuongeza kumpiga risasi kaka wa Charlotte. Mashahidi wa pande zote mbili wakatangaza kwamba heshima imetimia, wakarudi mjini. Hapo, dada, upande wa wanaume deni lilikuwa limelipwa. Pauni 20,000 na asubuhi moja uwanjani, basi. Wewe lodi wako umemwacha akijitesa kwa aibu sura nzima. Angejuta, ndiyo, lakini mbele ya wenzake angekuwa mtu aliyemaliza hesabu.

Sasa talaka. Hili nitakaa nalo, kwa sababu katika sura yako umeandika "wakaachana" kama vile ni kwenda ofisini na kutia sahihi. Hadi 1857 Uingereza haikuwa na mahakama ya kutoa talaka inayomruhusu mtu kuoa tena. Mahakama ya kanisa iliweza kuwatenganisha tu, kila mmoja kitanda chake na meza yake, huku ndoa ikibaki. Aliyetaka kuwa huru kabisa alikwenda mahakama ya kanisa, akashinda kesi ya ugoni, kisha akapeleka muswada Bungeni ili itungwe sheria maalumu ya kuvunja ndoa yake yeye. Sheria nzima ya nchi kwa ajili ya ndoa moja! Henry Wellesley alipata yake mwanzoni mwa 1810. Tangu njia hiyo ilipoanza kutumika katika karne ya 17 hadi ilipofungwa, walioachana kwa njia hiyo walizidi kidogo tu 300. Wanawake waliofanikiwa kuomba wao ni wanne. Mume ilimtosha kuthibitisha kwamba mke amezini. Mke alipaswa kuthibitisha uzinzi pamoja na uovu mwingine mkubwa juu yake, kama vile mume kulala na ndugu wa mkewe, au kuwa na ndoa mbili.

Unaona basi tatizo la Lady Caroline, mke wa Paget. Ameachwa na watoto wanane, kila mtu anajua mumewe anaishi na nani, na sheria ya nchi yake inamwambia hilo halitoshi. Alichofanya ni kwenda Scotland. Huko, tangu karne ya 16, mke aliweza kudai talaka kwa uzinzi wa mume sawasawa na mume kwa uzinzi wa mke. Kesi ikaamuliwa Edinburgh mwaka 1810. Mwaka huohuo Paget akamwoa Charlotte, na Caroline akaolewa na Duke wa Argyll, cheo kikubwa kuliko kile alichokuwa amekiacha. Nakupa hili bure: mke aliyeachwa wa lodi wako si lazima aishie kulia dirishani.

Sasa ulichouliza hasa: kwa nini yeye lodi angeweza kusimama tena?

Kwa sababu alichokuwa nacho hakikuwa mikononi mwa wale waliomsema. Cheo cha ulodi hakivuliwi kwa uzinzi. Baba akifa, cheo kinashuka kwa mwana mkubwa, awe malaika awe mlevi. Paget akawa Earl wa Uxbridge mwaka 1812, na kiti chake katika Baraza la Malodi kikawa chake. Mashamba ya familia kama ile kwa kawaida yalifungwa kwa hati za urithi, hivyo hata baba mwenye hasira hakuweza kumnyima mwanawe kwa mkupuo mmoja wa kalamu. Kazi ndiyo ilidhurika kidogo. Wellington ndiye aliyeongoza vita ya Hispania na Ureno kwa miaka iliyofuata, na huwezi kumpelekea jenerali mtu aliyemwibia mdogo wake mke. Tena Paget alimzidi Wellington kwa ukongwe wa cheo, nalo lilikuwa tatizo. Basi kamanda bora wa farasi wa nchi akakaa nje ya vita ile. Mwaka 1815 Napoleon wa Ufaransa aliporudi kutoka uhamishoni, Paget alihitajika, akaitwa. Katika vita ya Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, aliongoza wapanda farasi wote wa Wellington, na jioni kombora likampiga mguu wa kulia, ukakatwa katika nyumba moja kijijini. Mwenye nyumba aliuzika mguu ule bustanini, na kwa miaka mingi wasafiri walikwenda kuuzuru kama kaburi la mtakatifu. Julai ya mwaka uleule akapewa cheo cha Marquess wa Anglesey, kilicho juu ya Earl. Baadaye alitumwa mara mbili kuitawala Ireland kwa niaba ya mfalme. Alifariki 1854 akiwa na miaka 85, shujaa wa taifa.

Charlotte naye? Alikuwa mke halali wa Marquess, amemzalia watoto wengine, wanapendana hadi uzeeni. Na bado kuna milango London ambayo haikufunguliwa kwake tena. Mume alialikwa karamuni na mke akabaki nyumbani. Watoto wake wanne wa kwanza, kisheria, walikuwa wa baba yao: hadi 1839 mama wa Kiingereza aliyetengana na mumewe hakuwa na haki yoyote ya kudai hata kuwaona watoto wake. Hapa sizungumzii mama mkosaji peke yake. Mama asiye na kosa lolote alikuwa hivyohivyo.

Nataka ujue mlango ulivyofungwa, kwa sababu katika sura yako watu wanamzomea lodi barabarani. Haikuwa hivyo. Watu wa tabaka lile waliua kwa adabu. Desturi ilikuwa kadi. Bibi anafika kwa gari mbele ya nyumba ya mwenzake. Haingii, anamtuma mtumishi wake apeleke kadi yenye jina. Mwenye nyumba akitaka kuendeleza ujirani, siku chache baadaye naye analeta kadi yake, au anakwenda mwenyewe. Asipotaka, haleti. Hakuna neno lililosemwa. Wewe uliyepeleka unahesabu siku: ya tatu, ya saba, ya kumi na nne. Ukienda tena, mtumishi mlangoni anakwambia kwa heshima zote kwamba bibi hayupo, na wewe umeona pazia la juu likitikisika. Mkikutana bustanini, macho yake yanapita juu ya uso wako kama yanayotazama mti. Mwandikie Charlotte wako wiki mbili hizo za kungoja kadi mezani. Zitaumiza kuliko kelele zote za barabarani.

Kuna jambo lingine la kuelewa, nalo ndilo linalowapotosha waandishi wengi wa hadithi hizi: uzinzi wenyewe haukuwa ndio uliofunga milango. Mama yake Caroline, Lady Jersey mkubwa, alikuwa hawara wa Mwanamfalme wa Wales katika miaka ya 1790, London yote inajua, naye alikuwa na wadhifa katika nyumba ya mke halali wa mwanamfalme huyo. Hakufungiwa kama Charlotte alivyofungiwa, kwa sababu hakutoka nyumbani kwa mumewe. Alilala nje, akarudi kunywa chai kwake. Charlotte alikosa kwa kufanya kilicho wazi: alimpenda mwanamume, akaenda kuishi naye, akakubali kuitwa mkosaji mahakamani. Mimi naliona hili ni jambo la kuhuzunisha mno, na natamani riwaya moja ya Kiswahili ilisimulie bila kulipamba.

Usije ukadhani hata hivyo kwamba mwanamume alisamehewa siku zote. Mshairi Byron alioa Januari 1815 binti mwenye elimu na mategemeo ya mali, Annabella Milbanke, aliyekuwa na miaka 22. Annabella alikuwa ameshamkataa mara moja, mwaka 1812, kisha akakubali. Sifa mbaya ya Byron aliijua. Aliamini ndoa ingemtuliza. Wakati ule watu walikuwa wakisema kwamba mhuni aliyetubu ndiye mume bora, na mabinti wengi walinyweshwa maneno hayo. Mtoto wao Ada alizaliwa Desemba 1815. Katikati ya Januari 1816, mtoto ana wiki tano, Annabella alimbeba akarudi kwa wazazi wake, wala hakurudi tena. Uvumi ukaenea, mbaya zaidi ukiwa ule wa Byron na dada yake wa baba mmoja. Aprili alikwenda na dada huyo kwenye karamu nyumbani kwa Lady Jersey mdogo, mkwe wa yule mkubwa, na wageni wakawapa migongo. Tarehe 25 ya mwezi uleule akapanda meli kuondoka Uingereza. Hakuiona tena.

Kwa nini Paget akapanda na Byron akazama? Nionavyo mimi, jamii ile ilisamehe kashfa iliyomalizikia kwenye utaratibu: fidia imelipwa, risasi imefyatuliwa, ndoa mpya imefungwa, na nchi inakuhitaji vitani. Byron hakuwa na hata kimoja, na mke wake hakuwa na doa la kumwangushia lawama. Mpe lodi wako angalau viwili kati ya hivyo, msomaji ataamini.

Sasa binti yako wa miaka 19. Kwanza umri. Tangu sheria ya ndoa ya 1753, Uingereza na Wales, aliye chini ya miaka 21 hapati kibali cha ndoa bila ridhaa ya baba. Wangeweza kupitia matangazo ya kanisani, Jumapili tatu mfululizo, lakini baba akisimama kupinga, tangazo limekufa. Ndiyo maana wapenzi walikimbilia Gretna Green, kijiji cha kwanza baada ya kuvuka mpaka wa Scotland, maili zaidi ya 300 kutoka London, ambako kusema mbele ya mashahidi wawili "tumeoana" kulitosha. Lodi wako anaweza kumkimbiza huko, ila fikiria atakachopoteza binti, nacho si sifa tu.

Ndoa ya watu wale ilianza kwa wanasheria. Mali ilitoka kwa baba wa msichana kwenda upande wa mume, kinyume cha mahari yetu, na mke akishaolewa fedha zake zote zilikuwa za mume kisheria. Ulinzi wake pekee ulikuwa mkataba ulioandikwa kabla ya harusi: kiasi gani atapewa kila mwaka kwa matumizi yake mwenyewe, atalipwa nini akifiwa na mume, watoto wadogo watagawiwa kiasi gani. Mkataba huo hujadiliwa na baba, kaka na wakili, mezani, kwa wiki nyingi. Anayetoroka kwenda Gretna hufika huko bila mkataba. Kwa hiyo baba wa binti wako hahitaji kupiga kelele wala kumfungia chumbani kama ulivyoandika. Anaweza kumwita lodi, amkaribishe kiti, na amuulize kwa utulivu utamwandikia nini binti yangu. Na hapo ndipo tutajua kama huyu mtu ametubu. Lodi anayekubali kujifunga kwa maandishi, fedha ziwekwe mikononi mwa wadhamini asiweze kuzigusa hata yeye, amesema mapenzi kwa lugha ambayo baba wa Kiingereza wa 1813 anaielewa.

Madogo mawili ya kurekebisha. Karamu yako inafanyika Almack's, ule ukumbi wa dansi wa wakubwa wa London, umechagua vizuri, ila lodi wako anakunywa mvinyo. Almack's hapakuwa na pombe: chai, maji ya ndimu, na vipande vyembamba vya mkate na siagi. Watu hawakuenda kula. Dansi zilifanyika Jumatano usiku, na kuingia kulitaka cheti kutoka kwa mabibi wachache waliosimamia mahali pale. Mmoja wao alikuwa yule Lady Jersey mdogo, mke wa kaka yake Caroline. Fikiria basi: aliyeshika ufunguo wa mlango mkubwa kuliko yote ni wifi wa mke aliyeachwa. Nawe ukitaka mtu wa kumnyima cheti "yule mwanamke" wako, historia imeshakuwekea tayari.

La pili, umemfanya lodi aseme kwamba atamwomba mfalme amsafishie jina. Mwaka wako ni 1813, mfalme ni mgonjwa Windsor, na anayetawala kwa niaba yake amemwacha mke wake mwenyewe miaka mingi. Ondoa sentensi hiyo.

Sura ya pili, kama ningekuwa na ruhusa ya kuomba, ningeomba binti wako akutane na yule mke aliyetoroka. Si lazima wagombane. Wakutane dukani, kwa muuza riboni au vitabu, na muuzaji amtaje mwanamke yule kwa jina, ili binti asikie ni nani. Mama yake anamvuta mkono watoke. Binti ana muda wa kuvuta pumzi moja kuamua kama ataitikia salamu. Ukishaiandika nitumie, nitaisoma siku hiyohiyo.